Mbuzi Asiseme: Mwongozo Kamili wa Kugeuza Vijitabu vya Katuni Kuwa Filamu ya Familia

Siku ya kwanza nilipopeleka vijitabu vile vya katuni Mikindani, mji mdogo wa pwani karibu na Mtwara, binti wa darasa la tatu alikaa barazani na mdogo wake, akaanza kumsomea. Alipofika kwenye picha ya mbuzi amesimama tu, mdomo kaufumba, na juu ya kichwa chake kiputo cha mawazo kisicho na neno ila nukta tatu, hakuiruka. Alibana pua akasema, "Watu hawa jamani, hawaoni kama mvua inakuja?" Mdogo wake alicheka mpaka akapaliwa. Maneno yale hayamo kitabuni. Mtoto wa pili niliyempa kijitabu kilekile alimpa mbuzi sauti nzito ya baba mwenye nyumba anayedai kodi.

Kazi yote iko hapo. Msomaji wa katuni hufanya nusu ya kazi katika lile pengo lililo kati ya picha na picha. Anatia sauti, anaweka mwendo, anaamua mbuzi anawaza nini, na anakaa kwenye ukurasa mpaka aridhike. Filamu inamnyang'anya yote hayo kwa sababu ina mwendo wake na haimsubiri mtu. Basi katika kila hatua ya kazi hii jiulize: hiki alichokuwa akijifanyia msomaji mwenyewe, tumfanyie sisi au tumwachie?

Kwetu neno katuni linabeba vitu viwili, kile cha karatasi na kile cha kwenye runinga. Humu nitasema kijitabu na filamu ili tusichanganyane. Mfululizo tulioushughulikia ni wa vijitabu vya kurasa 32, unaomhusu msichana wa Mtwara anayeuza ming'oko, yaani viazi pori vya kusini, na beberu wake. Huyo mbuzi anaitwa Beberu, basi. Watu wazima wanaokumbuka hotuba za zamani hucheka mahali ambapo watoto hawaelewi wamecheka nini, na katika filamu ya familia hiyo ni mali, usiitupe.

Hatua ya 1: Haki, kabla ya penseli

Sisi tulianza vibaya. Tulimwendea mchoraji, mzee mmoja mkarimu, tukanywa chai, akasema, "Chukueni wanangu, ni kazi yenu," tukapeana mikono. Miezi minne baadaye, storibodi (michoro ya haraka ya kila tukio) ikiwa nusu, akatokea binamu yake na daftari lililochakaa. Kumbe hadithi alitunga yeye. Mzee alichora tu. Alikuwa na haki yake kamili, na sisi hatukuwahi kuuliza kama kuna mtunzi mwingine. Kazi ilisimama wiki sita.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, ruhusa ya kutohoa kazi, yaani kuigeuza iwe kazi ya namna nyingine, hutolewa na mwenye kazi. Hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wakiwa wametunga pamoja, hesabu huanza pale anapofariki wa mwisho. Kwa hiyo hata mfululizo wa gazetini wa miaka ya sabini huenda bado una wenyewe, hata kama wenyewe ni wajukuu wasiojua wamerithi nini. Watafute wote: aliyechora, aliyetunga, aliyechapa, na kama mchapaji alinunua haki au alilipia kuchapa tu. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si sharti la kuwa na haki, ila siku ya ugomvi karatasi ile huokoa maneno mengi.

Kwenye mkataba andikeni ni filamu moja au zaidi, kwa lugha zipi, na baada ya miaka mingapi haki zinamrudia mtunzi kama filamu haijatoka. Andikeni na bidhaa pia, maana madaftari na mabegi ya shule yenye sura ya mhusika yanaweza kuingiza pesa kuliko filamu yenyewe. Kipengele nisichokubali kukiacha ni hiki: mtunzi anaona nini, na lini. Sisi tulikubaliana kwamba mzee na binamu yake wataziona sura za wahusika, kisha wataiona animatiki (storibodi iliyopangwa kwa muda wake na kutiwa sauti), na katika vituo hivyo viwili wana ruhusa ya kukataa. Wakishapita hapo, hawakatai tena.

Wapo wanaoona kumshirikisha mtunzi ni kujitafutia usumbufu. Wakumbushe habari ya Asterix, shujaa wa katuni za Kifaransa. Filamu yake ya kwanza ya katuni, ya mwaka 1967, ilitengenezwa bila kuwahusisha René Goscinny na Albert Uderzo, waliomwanzisha mhusika huyo. Hawakuipenda, na filamu ya pili iliyokuwa tayari inaandaliwa kwa mtindo huohuo ikasimamishwa. Ile ya mwaka 1968, ya Cleopatra, walishika usukani wenyewe.

Hatua ya 2: Wasikilize wanaokipenda

Kabla hujaandika mstari wa muswada, wape watoto kijitabu wasome kwa sauti mbele yako. Wawili wawili, mkubwa na mdogo, barazani kwao au chini ya mwembe, pasiwe darasani, maana darasani watasoma kama wanaosahihishwa. Usiwaulize wanapenda nini. Watakujibu wanachodhani unataka kusikia. Tazama vidole. Wapi wanarudi ukurasa wa nyuma? Wapi mdogo anasema "ngoja, usifunue"? Neno gani wanalibadilisha kwa sababu halitamkiki vizuri?

Tulifanya hivyo na watoto 14, Mikindani na Mtwara mjini. Sikuandika mengi, lakini jambo moja lilijirudia: hakuna watoto wawili waliompa Beberu sauti moja. Mmoja alimfanya mchungaji, mwingine kondakta, mwingine aliguna tu. Siku hiyo nilimwambia mwenzangu wa sauti kwamba mbuzi hatasema. Alinitazama kama niliyeugua. Filamu ya familia yenye mbuzi, halafu mbuzi asiseme? Tulibishana mwezi mzima. Baadaye ikatoka filamu ya Flow, ya mwaka 2024, ya wanyama ambao tangu mwanzo hadi mwisho hawatamki neno, nayo ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Mwenzangu akaacha kubisha. Sidai tulitangulia, nasema tu kwamba mnyama kunyamaza hakumfukuzi mtazamaji.

Hatua ya 3: Kupata hadithi moja ndani ya vijitabu vingi

Mfululizo wa vijitabu huanza upya kila toleo. Toleo la tano msichana anaibiwa sinia, la sita analo sinia lake kama kawaida na hakuna anayeuliza. Msomaji haoni tatizo. Mtazamaji aliyekaa dakika 70 ataliona. Filamu inahitaji kitu kimoja ambacho mhusika anakitaka tangu mwanzo, na kila tukio limsogeze karibu nacho au mbali nacho.

Kuunganisha vijitabu si dhambi. Filamu ya Tintin aliyoiongoza Steven Spielberg mwaka 2011 ilichota kutoka vitabu vitatu vya Hergé. Sisi tulivitandaza vijitabu vyetu 11 kwenye mkeka, tukaandika kwenye kipande cha karatasi jambo ambalo msichana analitaka katika kila kimoja. Katika saba alikuwa anataka pesa ya kitu fulani. Katika viwili alitaka kumrudisha Beberu aliyepotea. Tukawa na uti wa mgongo: anakusanya pesa ya sare ya sekondari, na mbuzi ndiye kitu pekee chenye thamani nyumbani. Maneno "mbuzi atauzwa" hayamo katika kijitabu chochote, ila kila mtu wa hapa aliyekisoma anajua kwamba mbuzi wa nyumbani ni akiba, na akiba siku moja hutumika. Wasiwasi huo ulikuwa tayari kwenye pengo, tukautoa nje.

Vijitabu vinavyobaki viacheni. Mtoto atakuuliza kwa nini hamkuweka kisa cha pweza, nawe utamjibu kwamba kiko kitabuni.

Hatua ya 4: Muswada

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Ukurasa wa 14 wa kijitabu cha tatu una picha nne. Ya kwanza, msichana anahesabu sarafu, na noti ya elfu mbili kaiweka juu ya kigoda. Ya pili, Beberu anaitazama noti. Ya tatu, kigoda kitupu. Ya nne, Beberu anakutazama wewe msomaji. Watoto wote walicheka kwenye picha ya nne, na wengine walirudi kuitazama ya pili.

Katika toleo letu la kwanza la tukio hilo tulimwonyesha Beberu akila noti. Mhuishaji wetu, yaani anayeipa michoro mwendo, aliitafunisha kwa sekunde tatu nzuri sana, masikio yanacheza, kona ya noti inaingia mdomoni taratibu. Tukawaonyesha watoto. Walitazama kwa heshima, hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumejaza pengo ambalo lilikuwa lao. Tukakata. Sasa mteja anaita, msichana anageuka, na kamera inageuka naye. Anarudi, kigoda kitupu, Beberu kasimama palepale. Kimya. Kisha taya linakwenda mara moja, kacha. Walicheka, na mmoja akapiga kelele, "Kaila! Kaila huyo!" kama vile ndiye aliyemfumania.

Basi pita kijitabu chote na kalamu nyekundu uweke alama kila mahali ambapo jambo kubwa linatokea kati ya picha mbili, na wala halijachorwa. Hizo ndizo sehemu za kulinda. Usizijaze mpaka uwe na sababu.

Maneno ya kwenye viputo nayo yana ujanja wake. Yameandikwa mafupi ili yaenee, na ukiyatamka kama yalivyo yanakuwa matangazo. "Leo sitauza!" ni sawa kwenye karatasi. Mdomoni inakuwa, "Aa, leo siuzi bwana." Yasome yote kwa sauti, na palipo pagumu mpe bibi yeyote wa mtaani akuambie yeye angesemaje. Maelezo ya pembeni kama "Kesho yake asubuhi" yafute karibu yote. Jogoo na mwanga vinatosha.

Tanakali za sauti msizitupe. Katika vijitabu zimechorwa kwa herufi kubwa: CHUBWI, PUU, KACHA. Wengine huziandika kwenye skrini ili filamu ifanane na kitabu. Mimi naona Kiswahili kimetupa njia iliyo bora zaidi, kwa sababu sisi tunazitamka. Hakuna anayesema mtoto alianguka majini akanyamaza hapo. Atasema alianguka majini chubwi! Tulimpa kazi hiyo bibi wa msichana. Yeye ndiye anayesimulia nyumbani jioni, na picha inafuata mdomo wake: anaposema "puu", embe linaanguka, na safari moja anasema "puu" embe linabaki mtini, naye analikodolea macho mpaka linaanguka.

Hatua ya 5: Sura za wahusika

Mchoraji wa kijitabu ana ruhusa ya kudanganya. Pembe za Beberu ziko upande wa kushoto hata akigeuka. Ukimzungusha kama sanamu, anakuwa mbuzi mwingine. Waliotengeneza filamu ya Snoopy na Charlie Brown ya mwaka 2015 walikutana na shida hiyohiyo: vichwa vya Charles Schulz havikubali kuzungushwa. Wakachagua pande chache za kutazama ambazo Schulz mwenyewe alizichora, wakawa wanawarusha wahusika haraka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kupita katikati. Tuliiga wazo hilo. Beberu anatazamwa kutoka pande tano tu. Chora karatasi ya kila mhusika: mbele, ubavu, robo tatu, nyuma, hasira, furaha, na urefu wake akisimama karibu na wenzake. Ibandike ukutani ambapo kila mtu anaiona akiinua kichwa.

Kisha kanga. Hakuna mtu aliyetuonya kuhusu kanga. Bibi anajifunga kanga mbili, zenye pindo, mji, na jina lililoandikwa. Kwenye kijitabu mchoraji alichora maua manane basi. Kwenye filamu maua hayo lazima yatembee na kila mkunjo, mara 12 kwa sekunde, na jina la kanga lisomeke sawasawa kila linapoonekana. Tulifika mahali tukataka kumvalisha gauni. Binamu wa mzee akakataa, na kwenye mkataba alikuwa na ruhusa ya kukataa. Suluhisho: mji tukauacha wa rangi moja, maua yakabaki kwenye pindo tu, na jina linaonekana katika matukio matatu ambayo bibi amekaa tuli. Hakuna mtoto aliyelalamika. Mama mmoja aliuliza kanga ile inauzwa wapi.

Hatua ya 6: Mahali

Nendeni mahali penyewe mkachore, hata kama mnaishi hapohapo. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, nenda saa nane mchana ambapo rangi zote zimekufa kwa jua, nenda jioni. Mchoraji wetu wa mandhari, kijana hodari kutoka bara, alituletea jua linazama kwenye maji ya bahari kuu ya Msimbati. Picha ilikuwa nzuri mno, lakini pwani yetu inatazama mashariki. Jua linatoka baharini. Mvuvi yeyote angecheka.

Bahari nayo ina saa zake. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, kiasi cha saa sita baadaye yamejaa. Kama tukio linaanza watoto wakiokota chaza kwenye tope na kuisha mchana huohuo, maji yawe yamesogea. Tulitengeneza jedwali dogo la saa na kina cha maji kwa kila tukio la Mikindani. Linachosha, lakini kwa watu wa pwani kosa hilo ni kama kuonyesha mwezi mpevu siku ya kuandama.

Jambo moja la adabu. Kijitabu cha nane kina ngoma ya kinyago cha lipiko. Kwa Wamakonde, nani yumo ndani ya kinyago ni siri, na mambo ya jando na unyago yana wenyewe. Tuliwaendea wazee kuuliza. Walituruhusu kuonyesha kinyago kikicheza uwanjani kama kila mtu anavyokiona, wakatukataza kumwonyesha mtu anayekivaa. Tukakata picha mbili. Kama hujui la kuuliza, uliza hata hivyo.

Hatua ya 7: Storibodi na animatiki

Storibodi ni michoro ya haraka ya kila tukio. Animatiki ni michoro hiyohiyo iliyopangwa kwa muda wake, na sauti za kuazima. Hapa ndipo filamu inapotengenezwa. Yanayofuata ni jasho.

Usikate kurasa za kijitabu uzibandike kama storibodi. Ukurasa wa katuni una maumbo: picha pana ya ufukweni, kisha tatu nyembamba, kisha moja inayokula nusu ya ukurasa. Skrini ina umbo moja. Kile ambacho mchoraji alikifanya kwa ukubwa wa picha, wewe utakifanya kwa muda na ukaribu. Picha inayokula ukurasa mzima aghalabu inataka sekunde nyingi, haitaki kelele nyingi. Na pale msomaji anapofunua ukurasa kuona kilicho nyuma yake, weka mkato.

Animatiki yetu ilianza na dakika 96. Tukaionyesha ukutani nyumbani kwa watu, wengi kadiri ya kebo ya umeme ilivyofika, na mimi nikakaa mbele nikiwatazama wao badala ya ukuta. Mtoto akitazama mlango, andika dakika. Ikabaki 71. Kukata dakika 25 kwenye animatiki kulituumiza roho tu. Kuzikata baada ya kuhuisha kungetumaliza.

Hatua ya 8: Sauti, na kinywa cha Kiswahili

Rekodi sauti kabla ya kuhuisha, ili mdomo ufuate neno. Chumba tulichopanga kilikuwa na bati bila dari. Mvua ya kwanza ikatufundisha. Tukahamia chumba cha ndani, magodoro matatu ukutani, mapazia mazito, kabati la nguo likiwa wazi mgongoni mwa msemaji. Ratiba tuliipanga kwa kufuata adhana, kuku na bodaboda: saa tatu hadi saa tano na nusu asubuhi. Tulirekodi Desemba, na huo ni msimu wa ngoma. Usiku hatukupata hata sentensi moja safi. Sauti ya mtoto irekodini yote ndani ya mwezi mmoja. Mwaka mmoja unatosha kuibadilisha, hasa kwa mvulana.

Chati za vinywa utakazozikuta kwenye intaneti zimetengenezwa kwa Kiingereza, na ukizifuata wahusika wako watatafuna maneno. Kiswahili ni chepesi zaidi. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, kwa hiyo chora irabu kwanza: a, e, i, o, u. Ongeza kinywa kilichofungwa cha m, b na p. Meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Ncha ya ulimi kwa th na dh. Vinywa vinane. Konsonanti zinazobaki karibu zote zinakaa ndani ya umbo la irabu inayofuata, na w inaazima umbo la u. Angalia mambo mawili. M ya "mtoto" ni silabi nzima, kwa hiyo mdomo ubaki umefungwa muda wa silabi, usiupitishe mbio. Na katika "ming'oko" ile ng' haifungi mdomo hata kidogo. Sauti iko puani na mdomo tayari una duara la o. Neno hilo linatamkwa mara 40 na zaidi katika filamu yetu. Ukikosea, umekosea mara 40.

Sauti ya Beberu? Pumzi tu, na taya. Mwenzangu aliyebishana nami mwezi mzima ndiye aliyezitoa, kwa pua yake mwenyewe, na hazina mpinzani.

Hatua ya 9: Hesabu na uhuishaji

Filamu hupita fremu, yaani picha tuli, 24 kwa sekunde. Si lazima uchore 24. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, unahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika, na 50,400 kwa dakika 70. Kufanya hivyo si aibu: katika filamu ya Spider-Man ya katuni ya mwaka 2018, Miles alihuishwa mwanzoni kwa fremu mbilimbili makusudi, ili aonekane bado anajifunza. Picha iliyoshikiliwa kidogo hukumbusha karatasi. Kwa kazi iliyotoka kwenye kijitabu, hilo ni pambo.

Mhuishaji wetu mmoja hutoa sekunde nne kwa siku njema. Wanne ni sekunde 16, na kwa siku 22 za mwezi ni sekunde 352, chini kidogo ya dakika sita. Dakika 70 zikawa mwaka mzima bila ugonjwa, bila kukatika umeme. Tena mwaka wa huku una Oktoba hadi Desemba, ambapo korosho zinaita na nusu ya timu iko shambani Tandahimba na Newala. Weka miezi hiyo pembeni tangu mwanzo, usijidanganye.

Programu za bure zinatosha. Tulichora mandhari kwa Krita na kuhuisha kwa Blender, na ile Flow niliyoitaja ilitengenezwa kwa Blender. Nakala ziwe tatu, moja ilale nyumba nyingine. Hewa ya chumvi hula kompyuta. Zifunike usiku, safisha feni kila mwezi.

Hatua ya 10: Muziki, kibali na kuonyesha

Kwa muziki, waajiri wapigaji ngoma wa hapa na waandikieni mkataba, hata wakisema hakuna haja. Nyimbo za ndani ya jando msizichukue. Kisha pelekeni filamu Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Ndivyo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inavyotaka. Pelekeni mapema, kabla ya kutangaza tarehe.

Onyesho la majaribio lisikukute ukumbini. Letu lilikuwa uwanja wa shule ya msingi, shuka mbili zilizoshonwa pamoja, jenereta nyuma ya choo ili isisikike. Lilipofika tukio la noti, Beberu akatazama watu. Nilikuwa nimempa sekunde mbili za kimya. Gizani, kabla taya halijasogea, mtoto mmoja akasema kwa pua, "Mimi? Mimi sijui kitu." Mwingine nyuma akajibu kwa sauti nzito ya mbuzi wake. Wa tatu alikuwa anaanza tu, ndipo taya likasema kacha na msichana akapiga kelele, wakanyamaza wote kumsikiliza.

Usiku uleule nikafungua kompyuta, nikaongeza fremu 36 kabla ya taya.